Ua la Siku ya Pili

Mzee Ambilikile aliingia bustanini saa kumi na mbili na robo asubuhi, akampita mkwewe hatua tatu tu, na mkwewe hakuona mtu.

Tusekile aliona maua. Aliona tangi la maji, aliona kamba ya nguo na soksi moja iliyosahaulika pale tangu juzi. Mahali alipokuwa mzee wa miaka sabini na nane, na koti lake la sufu na kofia ya kufuma, miwani ya Tusekile ilipaka majani, maua na kipande cha ukuta, ikapaka vizuri hadi kivuli kikamezwa. Mzee akipiga hatua, majani ya kupakwa yanamfuata. Akisimama, yanasimama. Ungevaa miwani ile ungeapa kwamba bustani nzima ina mtu mmoja tu, mwanamke wa miaka thelathini na minane, brashi ndogo kaiuma mdomoni, hatulii. Mara ainame, mara ainuke, mara arudi kutazama alichokitazama sasa hivi.

Iliitwa miwani ya adabu, na aliyeibuni alikuwa yeye mwenyewe.

Tuseme ukweli, shida aliyoitatua haikuwa ndogo. Kwao Rungwe mkwe wa kike hamtazami baba mkwe usoni, hapishani naye njiani, hali mbele yake, na mzee naye anamkwepa vivyo hivyo. Si chuki. Ni heshima, ila heshima iliyozaliwa penye migomba. Zamani bibi arusi akisikia mzee anakuja anazama migombani, mzee anapita, maisha yanaendelea. Sasa Mbeya ya miaka hii, iliyoupanda mlima Loleza ghorofa juu ya ghorofa mpaka mawingu yanapita madirishani, migomba iko wapi? Mtu anakutana na baba mkwe kwenye lifti. Azame wapi, kwenye vitufe? Rafiki yake mmoja alipanda ngazi za dharura ghorofa kumi na moja kila siku kwa miaka miwili, akabaki na miguu mizuri na bila ndoa.

Tusekile alikuwa na stashahada ya ufundi wa mwanga. Akajifungia karakanani mwaka mzima, akatoka na kitu chenye sehemu mbili: kifungo, anachoshonewa mzee kwenye koti, na miwani, anayovaa mkwe. Kifungo kinaiambia miwani mzee alipo, na miwani inamfunika kwa picha ya mwisho iliyoiona mahali pale kabla hajafika, ikirekebisha jua na kutikisa majani kidogo ili picha ya jana ifanane na leo. Toleo la kwanza lilikuwa na kasoro. Macho yalidanganyika, masikio yakakataa. Wazee wa kwao wana kikohozi cha heshima, kile cha kumwambia mkwe kwamba napita, jifiche, na kikohozi hicho kiliwashtua wanawake mchana kutwa. Toleo la pili likaja na vizibo vya masikio vinavyochuja kila sauti ya mwenye kifungo, kikohozi, viatu, hata chafya. Hilo ndilo lililompa jina. Wakwe elfu nne na ushee jijini walivaa kazi ya mikono yake. Mama Lugano, jirani, alikuja kuuliza kama kifungo kinaweza kushonewa mume, saa za mpira tu.

Aliyemkwaza ni mama yake mzazi. Aliivaa miwani mara moja, akaivua, akaiweka mezani kama mtu anayerudisha chumvi ya jirani.

"Mwanangu, sisi tulijificha," alisema. "Ili ujifiche lazima ujue mtu yuko wapi. Mimi mkwe wangu nilimjua kwa nyayo. Goti likimuuma nilijua kabla ya mkewe. Wewe wako unamjua kwa nini?"

Tusekile alijibu kwamba anamjua kwa maua. Na hapo hakudanganya, au alidanganya kidogo tu.

Maua yenyewe yalikuwa mayungi-siku. Yungi-siku ni ua lenye mdomo mpana kama tarumbeta, la machungwa, la zambarau, la rangi ya papai bivu, na lina tabia moja ya kuudhi: linafunguka alfajiri na jioni limekwisha. Bua moja linaweza kuwa na matumba ishirini, lakini kila tumba linapewa siku moja, basi. Mzee Ambilikile alikuwa mwonja chai kiwandani Tukuyu, mtu wa kunusa na kufyonza na kutema maisha yake yote, na alipostaafu alianza kuyapandisha mayungi-siku nyuma ya nyumba ya mwanawe huko Isyesye. Kuyapandisha ni kazi ya asubuhi. Unachukua chavua, ule unga wa njano wa ua moja, unaugusisha kwenye ncha ya uzi mrefu wa ua jingine, unafunga lebo shingoni: mama 88, baba 140. Miezi miwili kifuko cha mbegu kinaiva. Unapanda, unangoja miaka miwili au mitatu, ua linatoka, unalitazama, unasikitika, unalitupa kwenye mboji. Katika mia unabakiza moja, na hilo moja nalo unalibakiza kwa huruma.

Alikuwa amefanya hivyo miaka kumi na tisa akitafuta kitu kimoja: ua lisilofunga jioni, likaonekana kesho yake bado liko wazi. Tusekile alipoolewa na kuanza naye kushika brashi, alimwuliza sababu. Alimwuliza kwa lebo, kwa sababu lebo ndizo zilizokuwa midomo yao. Aliandika swali, akalitundika kwenye msumari wa tangi. Kesho yake akakuta jibu kwa herufi nzuri za kizamani: "Kila nikimwita mtu aje aone, anasema kesho."

Alicheka siku nzima. Na tangu hapo hakutulia tena. Mzee alijua kungoja, yeye hakujua. Alikuwa mtu wa kufungua jiko kutazama kama keki imeumuka, na keki inalala. Miaka tisa alipanda, akahesabu siku, akainama juu ya vitumba kama anayesubiri simu. Hatimaye msimu huu, mche namba 212, mjukuu wa mistari mitatu ya mzee na miwili yake, ulitoa bua lake la kwanza. Bua lilikuwa na matumba matatu tu.

La kwanza lilifunguka Jumatatu, rangi ya divai na koo la kijani, likafunga saa mbili za usiku, mengine yote yakiwa yamefunga saa kumi na mbili. La pili lilifunguka Jumatano. Alhamisi alfajiri lilikutwa limelegea, lakini nusu tu, kama mtu anayesinzia akiwa amekaa. Likabaki tumba moja. Hilo nalo likishindwa, basi ni mpaka mwakani, na Tusekile, ambaye hajawahi kumwona mzee usoni, alijua miaka yake ni mingapi. Alitaka mzee alione ua lake. Hakuna kitu kingine alichokitaka msimu ule.

Ndiyo maana Ijumaa ile, siku tumba la tatu lilipofunguka, aliingia bustanini na brashi mdomoni saa kumi na mbili, akazunguka akisubiri mwanga. Saa moja alisimama mbele ya 212. Ua lilikuwa wazi, pana kama kiganja. Tone la umande lilikaa kwenye petali ya chini, na sisimizi mmoja mweusi alikuwa ukingoni, mguu mmoja hewani, anafikiria. Tusekile alipiga picha kwa miwani, akaituma kwa Bwana Gwamaka, mwenyekiti wa chama cha wapanda mayungi, kwa maana chama kina sheria: picha siku ya kwanza, picha siku ya pili, halafu mashahidi wawili, na ua lisiguswe na mkono wa mtu mpaka mashahidi wafike. Gwamaka alijibu kwamba ameipokea, na akaongeza kwamba mwaka jana kuna mtu alimletea ua la siku ya pili lililobandikwa kwa gundi.

Tusekile akaenda karakanani, mwili peke yake, moyo ukabaki bustanini.

Kulikuwa na jambo jingine lililomsumbua, na alilibeba mfukoni kama jiwe. Kwa miezi miwili alikuwa akikuta vifuko vya mbegu vimeanguka chini, vibichi, na mabua yamevunjika katikati kama yameshikwa na mtu na kuvutwa. Vifuko vyake yeye. Na lebo za mzee zilikuwa zimepungua maneno. Zamani aliandika mistari mitatu, utani juu ya konokono, utani juu ya mvua. Sasa namba tu, na namba zenyewe zinateremka kulia kama zinatoka kwenye karatasi. Tusekile aliona mzee amekasirika, labda kwa sababu alichanganya mstari wa 88 bila kumwuliza. Alitundika lebo: "Nimekosea wapi, baba?" Jibu lilichukua siku tatu. Lilisema, "Hapana." Alilisoma mara kumi akitafuta hasira ndani yake. Angeweza kumtuma mumewe amwulize, lakini Ipyana alikuwa mbali, fundi wa matanga ya jua kwenye kituo cha angani, miezi sita juu, miwili chini, na mambo ya mkwe na mkwe hayapelekwi angani.

Jioni ya Ijumaa mvua ya ratiba ilianza saa kumi na moja kamili kama jiji lilivyotangaza. Tusekile alitoka kituo cha basi la waya mbio, begi kichwani, akaingia ndani moja kwa moja. Hakwenda bustanini. Mvua ile ni ya nguvu, na zaidi ya hapo aliogopa. Alijiambia kwamba ua likifunga lisimkute anatazama.

Jumamosi saa moja asubuhi alivaa miwani, akafungua mlango wa nyuma, akapiga hatua sita, akasimama.

Ua lilikuwa wazi.

Mayungi mengine yote ya jana yalikuwa yamejinyonga kwenye mabua, yamekuwa kamasi. 212 lilikuwa limekaa mahali pake, divai na koo la kijani, pana kama kiganja, linang'aa. Tusekile aliitoa brashi mdomoni. Alisogea mpaka alipobakiza hatua moja, akachuchumaa, akajishika mikono nyuma asije akaligusa, maana sheria ni sheria. Halafu akasimama akacheza. Alicheza peke yake pale kwenye njia ya kokoto, khanga inamdondoka, akiimba wimbo wa harusi aliousahau nusu, nusu nyingine akaitunga. Alipiga picha, akaituma kwa Gwamaka. Akampigia Ipyana angani.

Maneno yalipanda yakashuka kwa sekunde zake. Ipyana alikuwa amelala. Alipoelewa alipiga kelele hadi wenzake wakaamka, kisha akauliza baba anasemaje.

"Atakuwa nyuma ya tangi analia," Tusekile alisema. "Wanaume wa kwenu si mnalia kwa kujificha?"

Hakujua mzee yuko wapi. Miwani haisemi, alipoitengeneza alitaka isiseme, maana kuonyesha mtu alipo ni nusu ya kumwonyesha mwenyewe. Alitazama huku na huku, bustani ilikuwa tupu na nzuri. Akaandika lebo kwa herufi kubwa, "Baba, limekesha. Ndaga fijo," yaani asante sana kwa lugha ya kwao, akaitundika kwenye msumari wa tangi. Akaingia ndani akachemsha chai. Akampigia Mama Lugano aje saa nne kuwa shahidi, na Mama Lugano akauliza kama shahidi hupewa chapati. Tusekile akakanda unga. Alikanda, akaacha, akatoka kutazama, akarudi, akakanda. Mara nne alitoka. Mara nne ua lilikuwa wazi, naye mara nne alirudi ndani anacheka peke yake.

Saa tatu na robo Gwamaka akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya upole mno, ile ya mtu anayekuomba urudishe kijiko.

"Dada Tusekile, hii picha ya leo umeipiga lini?"

Akasema saa moja na dakika kumi.

"Na ya jana?"

Akasema jana, saa moja.

"Basi huyu sisimizi ana subira kuliko mimi," Gwamaka alisema. "Yuko palepale. Mguu uleule juu. Na tone la umande nalo halijashuka, na usiku kucha mvua. Dada, mimi ni mzee, lakini si mjinga. Umenitumia picha moja mara mbili."

Tusekile alihisi uso unawaka. Miaka tisa hajawahi kudanganya hata urefu wa petali. Alimwambia abaki kwenye simu, atapiga picha nyingine sasa hivi, kwa karibu, akiweka na kidole chake pembeni, halafu tuone nani mjinga. Alitoka na unga mikononi. Alichuchumaa mbele ya 212. Sisimizi alikuwa palepale, mguu juu. Kweli hakusogea. Tusekile alimpulizia. Petali ilitikisika kidogo, kwa ufundi wake mwenyewe. Sisimizi hakutikisika.

Sheria ni ua lisiguswe. Alinyoosha mkono.

Vidole viliingia ndani ya ua kama vinaingia moshini, vikapita, vikakuta sufu. Sufu iliyolowa. Na chini ya sufu, kitu chenye joto.

Alivua miwani na vizibo vikatoka nayo, na kitu cha kwanza kilichomfikia kilikuwa kikohozi. Kidogo, kikavu, cha heshima. Kikafuatiwa na kingine. Ndicho kikohozi cha kumwambia mkwe kwamba napita, ndicho pekee mzee anachoruhusiwa kumwita nacho, na kwa ukavu wake kilikuwa kimetumika asubuhi nzima.

Mzee Ambilikile alikuwa amelala ubavu juu ya mche wa 212, ameulaza wote. Nusu ya uso ilikuwa imeshuka. Mkono wa kulia ulikuwa chini yake, na kwenye wa kushoto ameshika ua lililofunga, limelegea na kulowa kama kitambaa cha meza. Alikuwa ameinama kulichuma, kama mtu anavyochuma maua yaliyokwisha. Alipomwona mkwewe anamtazama, alifanya jambo moja. Aliacha ua, akavuta kofia yake kwa ule mkono mzima, akajifunika macho. Amsitiri mkwe.

"Hapana, baba," Tusekile alisema. Ndilo neno la kwanza alilowahi kumwambia kwa mdomo. Akaitoa kofia.

Gari-ruka la wagonjwa lilijibu papo hapo, lakini lina mashine inayopokea simu, na mashine haina haraka. Iliuliza jina la mgonjwa. Tusekile akasema ni baba mkwe wangu. Mashine ikauliza jina. Mkwe wa kwao hatamki jina la baba mkwe. Anaweza kuzunguka mji mzima wa maneno ili asilikute. Akasema ni mzee wa hapa, nyumba ya tangi la bluu, Isyesye. Mashine ikarudia, jina la mgonjwa. Mzee alikuwa anamsikiliza, jicho moja wazi.

"Ambilikile," alisema, kwa sauti ya kutosha majirani wawili. Mzee akafumba jicho, na akakohoa.

Hospitalini daktari alikuwa binti mdogo mwenye macho ya usingizi, Daktari Atuganile. Alizungumza taratibu. Mzee ataishi. Mshipa umeziba kichwani, wameuzibua, lakini umekaa umeziba muda mrefu. Kuzungumza kutarudi kidogokidogo. Mkono wa kulia hautarudi. Akauliza alianguka saa ngapi, na Tusekile akasema hajui, labda kumi na mbili na nusu, labda moja kasoro. Daktari akaandika. Akasema wangemfikisha ndani ya saa moja, mkono nao ungepona. Akauliza, si kwa ubaya, kama nyumbani hakukuwa na mtu.

Tusekile alisema alikuwepo yeye.

Daktari aliuliza kama mzee alikuwa na dalili. Hii si mara ya kwanza, alisema, picha ya ubongo inaonyesha makovu madogo, matatu au manne, ya miezi miwili hivi. Angekuwa anaanguka, anashika chochote kilicho karibu. Angekuwa anaandika vibaya. Kutembea kwake kungebadilika. Mtu anayeishi naye angeona. Tusekile alikuwa ameitikia kwa kichwa kila sentensi, mpaka hiyo ya mwisho.

Mkono wa kulia ndio uliokuwa unashika brashi.

Alikaa kwenye benchi la barazani. Hakukaa, alisimama, akakaa, akasimama tena. Ipyana alikuwa ameambiwa, amepata nafasi kwenye chombo cha kushuka kesho kutwa. Mama Lugano alikuja na chapati, akambembeleza, akamwambia nani angejua, ajali haina kinga, kisha akasema kwa kuguna kwamba hata yeye Jumamosi nzima hajui kama baba mkwe wake yuko hai, maana siku hiyo zamu ya kuvaa miwani ni yake. Alisema kama mzaha. Akacheka kidogo, akaona Tusekile hacheki, akaondoka haraka kurudi nyumbani.

Wakwe elfu nne na ushee.

Kulikuwa na ramani. Aliitengeneza siku za mwanzo ili kujua vifungo vinavyoharibika, akaifunga kwa neno la siri, na aliwaahidi wateja wake kwamba hataifungua kuangalia mzee gani yuko wapi, maana hilo nalo ni kukosa adabu. Alitoa kompyuta ya mfukoni, akaweka neno la siri. Jiji likatokea, na vifungo vyake vyote kama dengu zilizomwagwa mlimani. Vingi vilitambaa. Vilikuwa sokoni, vilikuwa msikitini na kanisani, viwili vilikuwa ndani ya basi la waya vinavuka bonde. Akaiuliza ramani swali moja: vifungo vipi havijasogea tangu jana jioni? Dengu zikazimika. Zikabaki arobaini na moja.

Nyingi zitakuwa makoti yaliyotundikwa ukutani, alijiambia. Wazee hubadilisha makoti. Alijiambia hivyo huku ameshaipiga namba ya kwanza.

Alipokea mwanamke wa Iwambi, sauti ya mtu aliye jikoni. Alimjua Tusekile kwa jina, akaanza kuisifu miwani, jinsi ilivyoleta amani nyumbani. Tusekile akamkata katikati. Akamwomba aivue, aende kwenye chumba cha mzee sasa hivi, aingie, amtazame.

"Nimtazame?" mwanamke aliuliza. "Dada, umerogwa?"

"Nenda. Mimi ndiye niliyeitengeneza, mimi ndiye ninayekuambia. Usifunge simu."

Kandambili zikaburuzika sakafuni. Mlango uligongwa mara moja, kwa woga, halafu ukafunguliwa. Tusekile akangoja hadi akajikuta amesimama katikati ya njia ya machela, na muuguzi anamwomba apishe.

Mwanamke aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Yupo," alisema. "Anakula mahindi ya kuchemsha. Koti amelitundika, anasema linamwasha."

"Mmeonana?"

"Tumeonana. Mara ya kwanza miaka sita hii." Akavuta pumzi. "Amesema nimenenepa."

Tusekile alicheka, na katika kucheka huko machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja chenye unga uliokauka. Akaizima dengu ya Iwambi. Zikabaki arobaini. Akapiga namba iliyofuata.